Kwenda Machu Picchu: tiketi, njia, na milima inayosalimiwa

Tiketi yangu ya kwanza ya Machu Picchu, mji wa kale wa Wainka kwenye milima ya Peru, ilikuwa halali kabisa. Ilikuwa na jina langu, namba ya pasipoti na saa ya kuingia. Ila ilinifikisha kwenye matuta ya juu tu. Nikapiga ile picha ambayo kila mtu anayo, mji umelala chini na kilele cha Huayna Picchu kimesimama nyuma yake, kisha mlinzi akapuliza filimbi na kunyoosha mkono kuelekea mshale wa kutokea. Nikatoka. Mji wenyewe sikuukanyaga. Wakala aliyeniuzia alikuwa ameniambia, "Tiketi zote ni zile zile tu," nami nikaamini kwa sababu nilikuwa na haraka.

Mimi ni mtu wa mlimani. Nimezaliwa Marangu, nimebeba mizigo ya wageni Kilimanjaro kabla ya kuwa mwongozaji, na nilikuwa nacheka kimoyomoyo mgeni akifika getini hajui amelipia njia ipi. Siku ile niliacha kucheka. Basi huu ni mwongozo wa mtu aliyekosea, akarudi kesho yake akaona vizuri. Nitachanganya mambo ya tiketi na mambo ya imani, kwa sababu pale hayatenganishiki. Usipojua kwa nini mji ulijengwa kwenye mgongo ule wa mlima, huwezi kujua ununue njia ipi.

Kwanza, pale ni mahali gani

Machu Picchu iko Peru, mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo ulio kati ya vilele viwili. Kwa Kikechua, lugha ya Wainka ambayo mamilioni ya watu wanaizungumza mpaka leo, machu ni mzee na huayna ni kijana. Chini kabisa mto Urubamba, ambao huko juu unaitwa Vilcanota, unajipinda na kuuzunguka mlima pande tatu.

Utasikia ukiitwa "mji uliopotea". Haukupotea. Hiram Bingham, mhadhiri kutoka Marekani, alipofika tarehe 24 Julai 1911 alikuta familia za wakulima zinalima kwenye matuta yale. Aliyempandisha ni mkulima wa bondeni, Melchor Arteaga, kwa malipo ya soli moja, fedha ya Peru, na aliyemzungusha kati ya magofu ni mtoto wa familia mojawapo. Tena mwaka 1902 Agustín Lizárraga, mwenyeji wa bonde hilo, alikuwa ameshaandika jina lake ukutani kwa mkaa. Sisi tuliozaliwa chini ya mlima ambao vitabu vinasema "uligunduliwa" na mmisionari mwaka 1848, hadithi ya namna hii tunaijua bila kufundishwa.

Bingham aliamini amepata Vilcabamba, ngome ya mwisho ya Wainka, ambayo Wahispania waliiteka mwaka 1572. Siyo. Ikasemwa pia kwamba mifupa ya makaburini ni ya wanawake watupu, "mabikira wa Jua". Wataalamu walipoichunguza upya, wanaume na wanawake walikaribiana kwa idadi. Wanahistoria wengi leo wanasema Machu Picchu yalikuwa makao ya Pachacuti, mfalme aliyeibadili Cusco kutoka ufalme mdogo wa bondeni kuwa dola, katikati ya karne ya 15. Hati ya Kihispania ya mwaka 1568 inayataja mashamba ya eneo hilo kuwa yalikuwa yake. Vipimo vya mifupa vilivyochapishwa mwaka 2021 vinaonyesha watu walikaa pale kuanzia karibu 1420 mpaka karibu 1530. Hawakuwa wengi, mia kadhaa tu: watumishi walioletwa kutoka pembe mbalimbali za dola walikaa mwaka mzima, na mfalme na ukoo wake walikuja kwa msimu.

Usifikirie nyumba ya mapumziko ya tajiri, lakini. Mfalme alihesabiwa mwana wa Inti, yaani Jua. Mlima mkubwa aliitwa apu, bwana mwenye mamlaka juu ya maji, mvua na mifugo ya watu wanaoishi chini yake. Chemchemi, pango, mwamba, kona ya njia, vyote viliweza kuwa huaca, mahali au kitu kitakatifu. Kwa hiyo mfalme alipochagua pa kujenga hakutafuta tambarare. Alitafuta mahali panapozungukwa na apu. Kusini moja kwa moja kuna Salkantay, mita 6,271, mrefu kuliko Kibo chetu. Mashariki kuna vilele vya barafu vya Verónica, ambayo jina lake la Kikechua, Wakaywillque, lina neno la utakatifu ndani yake. Mawe ya mji yalichongwa kwa kuitazama milima hiyo, na ndiyo maana nasema uende ukijua.

Hatua ya 1: Soma mizunguko kabla ya kutoa hela

Tangu Juni 2024 kuna mizunguko mitatu, iliyogawanywa katika njia kumi. Unaingia kwa njia moja, unafuata mishale, na kurudi nyuma hairuhusiwi. Ukitoka umetoka.

Mzunguko wa 1 ni wa juu. Una mandhari na ile picha maarufu, na njia zake nyingine zinakwenda mpaka Lango la Jua, Daraja la Inka au kilele cha mlima Machu Picchu. Mji wenyewe huingii. Huu ndio ulionipata.

Mzunguko wa 2 unaanzia kwenye matuta ya juu, kisha unashuka na kuupita mji. Kama una siku moja tu na hutapanda kilele chochote, chukua huu. Ndio unaogombaniwa zaidi, kwa hiyo ununue miezi kadhaa mbele ukienda Juni, Julai au Agosti.

Mzunguko wa 3 unapita chini, sehemu ya makao ya mfalme, Hekalu la Jua na chemchemi. Tiketi za kupanda Huayna Picchu zimo humu. Picha ya kadi ya posta huipati, lakini unakaribia maji na mawe. Mimi naupenda huu, na nitaeleza sababu mbele.

Nunua kwenye tovuti ya Wizara ya Utamaduni ya Peru. Mwaka 2024 mgeni mtu mzima alilipa soli 152, na soli 200 akiongeza Huayna Picchu. Idadi ya watu kwa siku ina kikomo, 4,500 siku za kawaida na 5,600 siku za msimu mkubwa. Ukikosa mtandaoni, tiketi 1,000 huuzwa kila siku ana kwa ana katika mji mdogo ulio chini ya mlima: unachukua namba, unarudi muda uliopangiwa, unalipa, unaingia kesho yake. Ndivyo nilivyopata tiketi yangu ya pili. Lakini usiitegemee kama umetoka mbali na una usiku mmoja tu.

Jambo dogo linaloumiza watu wetu: saa ya tiketi ni ya Kizungu. 06:00 ni saa kumi na mbili asubuhi, si saa sita mchana. Usicheke, nimewaona.

Hatua ya 2: Chagua mwezi

Mei hadi Septemba ni kiangazi. Anga safi, usiku wa Cusco baridi ya kuuma, watu wengi. Novemba hadi Machi ni mvua, na Januari na Februari ndiyo yenyewe: reli hufungwa mara nyingine kwa maporomoko, na asubuhi unaweza kukaa mbele ya ukungu mtupu. Aprili na Oktoba ni katikati, nami ningechagua Aprili, milima ikiwa bado kijani. Februari Njia ya Inka, ile ya kutembea kwa miguu siku nne, hufungwa mwezi mzima kwa matengenezo.

Hatua ya 3: Karatasi

Pasipoti halisi, siyo nakala, kwa sababu getini jina linalinganishwa na tiketi. Masharti ya viza ya Peru, na ya nchi utakayobadilishia ndege, yaangalie mapema kabla ya kulipia chochote. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu. Watu hupitia Addis Ababa na São Paulo, au miji ya Ulaya kama Amsterdam na Madrid, hadi Lima, halafu Cusco. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo kwenda na kurudi, maana Peru iko kwenye orodha ya nchi zenye homa hiyo kama zilivyo nchi zetu kadhaa.

Hatua ya 4: Fika Cusco, kisha shuka

Hapa nisikilize kama unavyomsikiliza mwongozaji wako Kilimanjaro.

Kutoka Lima, iliyo usawa wa bahari, ndege inakuweka Cusco kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Cusco iko mita 3,400. Kwa Kilimanjaro, njia ya Marangu, kibanda cha Mandara ni mita 2,720 na Horombo ni 3,720. Maana yake umeamka pwani na unalala juu ya Mandara, karibu na Horombo, bila kutembea hatua moja. Kichwa kitagonga, usingizi utakatika katika, ngazi za hoteli zitakutoa pumzi. Wengi wanaogopa Machu Picchu kwa sababu ni mlima. Machu Picchu iko chini ya Cusco kwa karibu mita elfu moja. Hatari iko mwanzo wa safari.

Dawa yake ni kutolala Cusco siku ya kwanza. Toka uwanja wa ndege, panda gari mpaka Bonde Takatifu: mji wa Urubamba au wa Ollantaytambo, ambako ni chini ya mita 2,900. Lala huko siku mbili tatu, halafu Cusco iwe ya mwisho. Kunywa maji, kula kidogo, acha pombe, tembea pole pole. Dawa ya Diamox, ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, wapanda Kilimanjaro wanaijua. Zungumza na daktari kabla ya safari, siyo ukiwa umeshaanza kutapika. Ukiona mtu anayumba kama mlevi, anachanganya maneno, au anakohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa, mshushe na mpeleke hospitali. Usimwambie ajikaze.

Hotelini watakupa chai ya majani ya koka. Huko ni halali na ni ya heshima: mtu wa Andes huchagua majani matatu mazima, huyapanga kama upepeo wa mkono kati ya vidole, huyapulizia pumzi akitaja majina ya milima, ndipo huyatafuna au kuyafukia. Kifungu hicho huitwa k'intu. Kunywa chai yako kwa amani. Lakini usirudi nyumbani na jani hata moja, wala pakiti ya chai yake, kwa sababu nje ya nchi zile ni dawa ya kulevya mbele ya sheria, na afisa wa forodha hatasikiliza hadithi ya k'intu.

Hatua ya 5: Anzia Qorikancha

Ukirudi Cusco, au ukiwa umelazimika kuanzia hapo, nenda Qorikancha kabla ya duka la sweta. Ndiyo iliyokuwa Hekalu la Jua la dola nzima, kuta zake zimebandikwa mabamba ya dhahabu, mpaka Wahispania wakayabandua na kujenga juu yake kanisa na konventi, yaani nyumba ya watawa, ya Santo Domingo. Mei 1950 tetemeko la ardhi lilipiga Cusco. Sehemu kubwa ya konventi ikaporomoka, na kuta za Wainka zilizokuwa zimefunikwa zikabaki zimesimama. Weka jicho lako kwenye kona ya ukuta uone sababu: kuta zinaegemea ndani kidogo, milango na madirisha ni mapana chini na membamba juu, na mawe yameumana bila chokaa. Jiwe linaweza kutikisika na kurudi mahali pake.

Kutoka hapo ilitoka mistari 41 isiyoonekana, ceque, iliyoelekea pande zote za nchi, na juu yake zilipangwa huaca zaidi ya 300: chemchemi, mawe, vilima, makaburi. Kila ukoo ulikuwa na mistari yake ya kutunza na siku zake za kutoa sadaka. Ukishalielewa hilo, Machu Picchu haiwi tena kitu cha peke yake msituni. Ni fundo moja kwenye kamba ndefu.

Tiketi ya pamoja ya Cusco inakuingiza Sacsayhuamán, Pisac, Ollantaytambo na magofu mengine kwa siku 10. Qorikancha na Machu Picchu hazimo.

Hatua ya 6: Ollantaytambo, na mawe yaliyochoka

Wengi wanapita hapa wakikimbilia treni. Wewe lala usiku mmoja. Watu bado wanaishi kwenye vichochoro vya Wainka, na mifereji ya zamani inapitisha maji pembeni mwa milango. Juu ya matuta kuna mawe sita makubwa yaliyosimamishwa bega kwa bega, yaliyotolewa kwenye machimbo ya ng'ambo ya mto, kilomita kadhaa mbali, bila gurudumu wala chuma. Mengine hayakufika. Yamelala njiani hadi leo, na wenyeji huyaita mawe yaliyochoka. Nilikaa juu ya moja nikifikiria wapagazi.

Mwaka 1537 Manco Inka aliwashinda Wahispania hapa, akafungulia maji ya mto kwenye uwanda hadi farasi wao wakakwama. Ushindi wa nadra, nao haukudumu.

Treni za PeruRail na Inca Rail zinaondoka hapa kwenda mji ulio chini ya mlima, Aguas Calientes, ambao kwenye tiketi huandikwa Machupicchu Pueblo. Ni kama saa moja na dakika arobaini kando ya mto. Barabara ya gari haifiki. Mizigo mikubwa iache hotelini, maana treni huruhusu begi dogo tu. Mwenye pesa kidogo na miguu mizuri hupanda gari hadi kituo cha Hidroeléctrica, kisha hutembea kando ya reli kama kilomita kumi. Ni tambarare, ila gari kutoka Cusco linachukua saa sita au saba za kona za kutapisha.

Kuhusu Njia ya Inka ya siku nne, nina la kusema kama mtu wa kazi. Ni kilomita 43 hivi, kupitia mwanya wa Warmiwañusca, "mwanamke aliyekufa", mita 4,215, na mwisho unaingia kwa Lango la Jua kama walivyoingia wenyewe. Vibali ni vya watu 500 kwa siku, na wapagazi na waongozaji wamo humo humo, kwa hiyo huisha miezi mingi mbele. Huwezi kwenda bila kampuni yenye leseni. Kabla ya kulipa, uliza mpagazi anabeba kilo ngapi, analala wapi, anakula nini. Sheria ya kule iliweka kilo 20, kama tunavyopimiwa sisi getini. Kampuni inayojibu swali hili kwa kuzunguka zunguka, iache. Wagumu, yaani wapagazi, wa kule na wa kwetu migongo ni ile ile.

Hatua ya 7: Usiku wa mwisho na asubuhi ya kupanda

Aguas Calientes haina la maana zaidi ya kitanda na chemchemi za maji moto. Lala mapema. Mabasi ya kupanda mlimani huanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na safari ni dakika 25 hivi za kona. Kwa miguu ni saa moja na nusu za ngazi. Ukitaka kuokoa nauli, okoa wakati wa kushuka.

Begi lisizidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20. Usibebe droni, fimbo ya selfi, mwavuli wala chakula. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi, kwa hiyo beba chupa ya kudumu. Fimbo ya kutembelea inaruhusiwa kwa mzee au mwenye shida ya miguu, iwe na mpira chini. Choo kiko nje ya geti na ni cha kulipia, na ndani hakuna kabisa. Umenielewa. Koti la mvua hata kiangazi, na mafuta ya jua hata kukiwa na mawingu. Getini chukua mwongozaji mwenye kitambulisho. Sisemi hivyo kwa sababu ni kazi yangu. Ndani hakuna maandishi ya kukueleza unachokiona.

Hatua ya 8: Ndani, fuata maji

Siku yangu ya pili nilikuwa na tiketi ya Mzunguko wa 3. Mwongozaji wangu, kijana wa Bonde, hakuanza na wafalme. Alichuchumaa akanionyesha mfereji mwembamba wa mawe, usiozidi upana wa mkono, maji yanateleza bila kelele. "Huu ndio mji," akasema. "Mengine ni nyumba."

Kwetu Marangu tuna mifongo, mifereji ya wazee inayotoa maji mlimani hadi migombani, kila ukoo na zamu yake. Kwa hiyo nilielewa haraka. Chemchemi iko ubavuni mwa mlima Machu Picchu. Mfereji wa karibu mita 750 unaileta mjini kwa mteremko uliopimwa, kisha maji yanashuka kwenye chemchemi 16 zilizojengwa moja chini ya nyingine kama ngazi. Ya kwanza iko kando ya nyumba ya mfalme. Yeye aliyapata yakiwa safi kabisa, ndipo yakaendelea kwa wengine. Simama hapo usikilize: kila chemchemi ina mdomo wa jiwe unaorusha maji mbele kidogo ili mtungi ujae bila kumwagika.

Sasa tazama matuta. Eneo lile hupata mvua kama milimita 2,000 kwa mwaka, kwenye mteremko ambao ungestahili kuwa umeporomoka zamani. Chini ya kila tuta kuna mawe makubwa, juu yake kokoto, juu yake mchanga, na udongo mzuri mwishoni kabisa. Maji yanazama badala ya kubomoa. Wahandisi waliopachimba wanakadiria kwamba zaidi ya nusu ya kazi yote ya ujenzi imefukiwa ardhini, haionekani. Miaka karibu mia nne bila matengenezo, na bado imesimama.

Kisha Hekalu la Jua, jengo pekee lenye ukuta wa mviringo mzuri namna hiyo, lililojengwa juu ya mwamba ambao haukuhamishwa. Karibu na tarehe 21 Juni, siku fupi kuliko zote kule, jua likichomoza nuru hupita dirisha moja na kulala sawasawa na mstari uliochongwa juu ya mwamba. Hiyo ndiyo siku waliyokuwa wakiona jua limekwenda mbali mno, na linatakiwa kurudishwa. Sikukuu yake, Inti Raymi, ilipigwa marufuku na Wahispania. Ilifufuliwa Cusco mwaka 1944, nayo huadhimishwa kila 24 Juni. Chini ya hekalu kuna pango lenye ngazi zilizochongwa ndani ya jiwe, zisizokwenda popote. Juu jua, chini tumbo la ardhi, Pachamama. Wasanifu wale hawakuchagua kimoja.

Aliye na tiketi ya Mzunguko wa 2 atapita karibu na uwanja mtakatifu na Hekalu la Madirisha Matatu, na juu yake kuna Intihuatana, jiwe lililochongwa kutoka kwenye mwamba wenyewe na kuachiwa nguzo fupi katikati. Jina, ambalo ni la karne za baadaye, maana yake ni mahali jua linapofungwa kamba. Angalia kusini kutoka huko: Salkantay iko upande huo, na Msalaba wa Kusini, nyota zile ambazo hata sisi tunaziona, unapofika juu kabisa angani husimama juu yake. Mwaka 2000 winchi ya watu waliokuwa wakirekodi tangazo la bia ilianguka na kuvunja ncha ya jiwe hili. Ndiyo maana leo kuna kamba na walinzi wenye filimbi, nami filimbi nimezisamehe.

Mwamba Mtakatifu uko upande wa Huayna Picchu, bapa lililosimamishwa, na kingo zake za juu zinafuata umbo la milima iliyo nyuma. Rudi nyuma hatua kumi ndipo utaliona. Hekalu la Kondori ni jiwe la sakafuni lenye kichwa na shingo ya ndege, na miamba miwili ya asili nyuma yake ndiyo mbawa. Hawakuichonga milima ifanane na wao. Walitafuta mahali ambapo jiwe lilikuwa limeshaanza kuwa ndege, wakalimalizia.

Kupanda Huayna Picchu ni ngazi kali, nyembamba, za kupanda kwa mikono wakati mwingine. Mwenye kizunguzungu cha urefu asiende, na baada ya mvua hata asiye nacho afikirie. Mimi nilipanda kwa sababu ya mazoea ya kazi. Ukiniuliza, saa mbili hizo zingefaa zaidi kukaa kando ya maji.

Hatua ya 9: Ukishuka

Muda rasmi wa Mzunguko wa 3 bila kilele ni saa mbili na nusu hivi. Ukirudi bondeni, Cusco kuna nyumba ya makumbusho ya Casa Concha, yenye vitu ambavyo Bingham alivichukua na Chuo Kikuu cha Yale kikavirudisha miaka ya 2011 na 2012, baada ya mvutano mrefu. Vyungu, pini za shaba, mifupa. Nenda baada ya mlima, siyo kabla. Vyungu vile vitakuwa na mahali pake akilini mwako.

Na ukiwa barabarani Bonde Takatifu ukiona mti mrefu umefungwa kitambaa au mfuko mwekundu nje ya nyumba, maana yake leo kuna chicha, pombe ya mahindi. Ingia, sema mamay kwa mama mwenye nyumba na taytay kwa mzee, kama tunavyosema mama na baba, na ukipewa kitu sema sulpayki. Glasi ni kubwa kuliko unavyodhani. Mama niliyemkuta alinijazia, akakaa kunitazama mgeni atafanya nini. Kwetu mbege hainywewi kabla wazee waliotangulia hawajapata yao, kwa hiyo mkono ulikwenda wenyewe: nikamwaga tone sakafuni. Akauliza nani amenifundisha. Kwa Kihispania changu cha kuokoteza nikamjibu kwamba kwetu pia kuna mlima. Akacheka, akanijazia tena, na ya pili akanitoza bei ile ile.